Kuhubiri ni kuleta habari, si kuwasha hamasa pekee

Majira ya mitihani ya kitaifa yanapokaribia, shule nyingi za upili kutoka Mtwapa hadi Marereni huwa na desturi ya kuandaa siku ya maombi ya watahiniwa. Wazazi hufika wakiwa wamevalia nguo zao za heshima, viti hupangwa chini ya miembe na mikilifi, na watahiniwa huketishwa mbele wakiwa na kalamu mikononi ili ziombewe. Mhubiri mgeni hukaribishwa. Yeye hufungua Biblia, husoma aya mbili tatu, kisha huifunga. Kuanzia hapo hadi tamati, aghalabu Biblia ile haifunguliwi tena. Kinachofuata ni sauti ya kupanda na kushuka, vigelegele, na maagizo: mwambie jirani yako kwamba wewe ni mshindi; inua kalamu yako uipokee A yako; mwaka huu ni mwaka wako.

Hakuna asiyefurahi siku hiyo. Hata mwalimu wa zamu aliyekuwa akiitazama saa yake kila baada ya dakika tano hujikuta akipiga makofi. Lakini umati unapotawanyika na viti kurudishwa madarasani, swali moja hubaki pale uwanjani, na ndilo ninalotaka tulijadili leo: je, yale yaliyosemwa yalikuwa mahubiri? Na kama yalikuwa hotuba ya kuhamasisha iliyovikwa joho la mchungaji, je, hotuba ya namna hiyo ina nafasi katika mimbari ya kanisa la Kikristo?

Swali hili si la shule peke yake. Anayepita Jumapili asubuhi katika vitongoji vya Malindi, Watamu, Kilifi mjini au Mariakani atasikia vipaza sauti vikitangaza ushindi, upenyo, kuvuka na kupandishwa viwango. Msamiati huo umezoeleka kiasi kwamba muumini kijana anaweza kudhani kanisa halijawahi kuwa na msamiati mwingine.

Serikali iliwahi kuigusa desturi ya siku za maombi, ingawa kwa sababu tofauti. Mwaka 2016, kufuatia wizi wa mitihani uliolitikisa taifa mwaka uliotangulia, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dkt. Fred Matiang'i, alizipiga marufuku katika muhula wa tatu. Hofu yake ilikuwa kwamba wageni wangeweza kuutumia mwanya huo kuingiza karatasi shuleni. Tukajadili sana ni nani aingie langoni. Kinachosemwa na mgeni akishaingia hatukukijadili.

Mimi si mwanatheolojia. Sitamwambia mchungaji yeyote ni fundisho gani sahihi na lipi potofu, kwani hiyo si taaluma yangu. Kazi yangu ni isimu, yaani uchunguzi wa lugha na matumizi yake. Naamini hata hivyo kwamba lugha ya mimbari inaweza kutufichulia jambo ambalo masikio yaliyozoea vigelegele hayalisikii.

Na tuanze na maneno yenyewe. Kitenzi "hubiri" tulikipata kutoka Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa neno "habari". Kwa asili yake, kuhubiri ni kupasha habari. Mhubiri ni mjumbe aliyefika na jambo ambalo wasikilizaji hawakuwa nalo, jambo lililotukia nje yao na kabla yao. Ndiyo maana Wakristo huiita Injili Habari Njema. Habari haitegemei hali ya moyo wa anayeisikia: mvua iliyonyesha Kaloleni jana imenyesha, uwe na moyo wa ushindi au uwe umekata tamaa.

Neno "hamasa" lina historia nyingine. Nalo lilitoka Kiarabu, ambako lilihusishwa na ushujaa na ari ya wapiganaji vitani. Katika Kiswahili limebaki na joto lilelile: mwenye hamasa ni mtu aliyepandwa na mori. Tukilipa kiambishi cha kusababisha tunapata "hamasisha", yaani kumfanya mwingine apandwe na joto hilo. Mhamasishaji si lazima awe na habari yoyote. Kazi yake ni kuukoleza moto ambao anadai tayari umo ndani ya msikilizaji.

Kati ya maneno hayo mawili pana maneno mengine ambayo Waswahili wa Pwani wamekuwa nayo kwa karne nyingi: mawaidha, nasaha, maonyo, faraja. Anayehudhuria darasa la msikitini Malindi husikiliza mawaidha, na anayefiwa, awe Mwislamu au Mkristo, hupelekewa faraja. Neno hili "faraja" lina asili yenye dhana ya kufunguka kwa dhiki, kama mtu aliyebanwa kifua akapata pumzi. Linganisha na "upenyo" wa mahubiri ya siku hizi. Yote mawili yanazungumzia uwazi, lakini faraja humfungulia nafasi aliyebanwa na huzuni, ilhali upenyo humwahidi msikilizaji kwamba atapita mahali ambapo wengine wamekwama.

Msomaji asinifahamu vibaya. Sisemi kwamba kutiana moyo ni jambo geni kanisani. La hasha. Katika Matendo ya Mitume tunakutana na mtu aliyepewa na mitume jina la Barnaba, nalo linaelezwa pale kuwa na maana ya mwana wa faraja. Neno la Kigiriki lililotumiwa, "paraklesisi", hubeba kwa pamoja maana za kufariji, kuonya na kutia moyo. Mkristo anayetaka kuiondoa hamasa yote katika mahubiri itambidi amwondoe Barnaba kwanza.

Wala hotuba za kuhamasisha hazikuzaliwa sokoni zikavamia kanisa. Mmoja wa waasisi wake katika karne ya 20 alikuwa mchungaji. Norman Vincent Peale alianza kuhudumu katika kanisa la Marble Collegiate, jijini New York, mwaka 1932, akakaa hapo kwa zaidi ya nusu karne. Kitabu chake kilichovuma kupita vyote, kuhusu nguvu ya fikra chanya, kilitoka mwaka 1952. Kilinunuliwa na mamilioni ya watu, wakiwamo wafanyabiashara ambao hawakuwa na haja na ibada. Wanatheolojia wenzake hawakukaa kimya. Reinhold Niebuhr alikuwa miongoni mwa waliomkosoa vikali kwa kuigeuza imani kuwa chombo cha mtu kujipatia anachokitaka. Mafundisho hayo yalitoka mimbarini yakaenda katika vyumba vya mikutano ya kampuni, yakavuliwa jina la Mungu, na sasa yamerudi mimbarini yakiwa yamejifunza ufundi wa soko.

Mwaka huohuo wa 1952 ndio ilipochapishwa Biblia ya Kiswahili ya Muungano, ambayo mpaka leo ndiyo inayobebwa na waumini wengi wa Kiprotestanti nchini. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa ya kutafakari. Katika mwaka mmoja wasomaji wa Kiswahili walipewa Maandiko katika lugha moja ya pamoja, na wasomaji wa Marekani wakapewa kitabu cha kuwafundisha kujiamini. Leo mhubiri wetu huja amekishika kitabu cha kwanza mkononi, lakini maneno yanayomtoka kinywani ni ya kile cha pili.

Pwani yetu ina kumbukumbu inayofaa kuletwa hapa. Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846, baada ya Johannes Rebmann kumfikia, wawili hao walianzisha kituo cha misheni huko Rabai, ambako leo ni katika Kaunti ya Kilifi. Kwa kipimo cha wahamasishaji, kazi yao ilikuwa hasara tupu: homa zisizokwisha, miaka mingi, waongofu wa kuhesabika kwa vidole. Mtu anayetajwa katika historia ya misheni hiyo kuwa mwongofu wake wa kwanza, Mringe, alikuwa kilema aliyebatizwa akiwa karibu kuaga dunia.

Hebu tumfikirie Mringe. Mhubiri wa leo angemwambia nini? Kwamba mwaka huu ni mwaka wake? Kwamba amwambie jirani yake kuwa yeye ni mshindi? Kama Krapf na Rebmann hawakuwa na chochote ila hamasa, hawakuwa na neno la kumpa mtu yule. Bila shaka walikuwa na makosa yao, na wanahistoria wameyaeleza. Lakini kwa mtu asiyeweza tena kufaulu katika lolote, walifika na kitu walichokiita habari.

Sasa tuingie katika sarufi, ambako ndiko hasa ninakotaka kuwapeleka walimu wenzangu na wanafunzi. Kila mtahiniwa wa Kiswahili amefundishwa isimujamii na sajili zake. Anajua sajili ya dini, sajili ya biashara, sajili ya siasa, na anaweza kutaja sifa za kila moja. Chukua mahubiri ya kuhamasisha uyachanganue kama unavyochanganua kifungu cha mtihani. Utakuta mambo matatu.

Kwanza, nafsi. Mhamasishaji huhutubia umati wa watu elfu moja kwa nafsi ya pili umoja. Husema "utafaulu", "utavuka", "adui zako". Ni nadra sana kusema "tutafaulu", na ni nadra zaidi kusema "tumekosa". Kiambishi hicho kidogo, u-, humtenga kila msikilizaji na jirani yake, hata kama ameagizwa amgeukie na kumwambia jambo. Liturujia za kale, kwa upande wake, zilijengwa juu ya "sisi": sisi tulioasi, sisi tuliosamehewa, sisi tunaosubiri. Katika sajili zote tunazozifundisha, sajili inayompenda "wewe" kuliko zote ni ile ya matangazo ya biashara.

Pili, hali na nyakati za vitenzi. Mahubiri ya kuhamasisha husimama juu ya nguzo mbili: amri, kama vile "pokea", "tamka", "amka", na sharti la -ki- linalofuatwa na wakati ujao, kama "ukiamini utapata". Wakati uliopita karibu utoweke kabisa. Lakini habari huhitaji wakati uliopita. Hakuna awezaye kupasha habari kwa amri. Ukiona mahubiri ya saa nzima hayana -li- wala -me- isipokuwa katika masimulizi ya jinsi mhubiri mwenyewe alivyonunua gari, jua kwamba hakuna habari iliyoletwa.

Tatu, sababu. Sikiliza uone ni mara ngapi utasikia "kwa sababu" ikitanguliza jambo lililo nje ya msikilizaji. Ukame hauna nafasi katika sarufi hii. Karo haina nafasi. Uhaba wa walimu hauna nafasi. Kilichobaki kueleza kufaulu na kufeli ni imani ya mtu binafsi, juhudi zake, au wivu wa jamaa zake. Hilo la mwisho si jambo la kuchezea katika kaunti ambako wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi.

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alitukumbusha kwamba baadhi ya kauli ni vitendo. Nikisema "naahidi", sielezi ahadi, ninaitoa. Lakini alionyesha pia kwamba kitendo cha aina hiyo kina masharti: lazima atendaye awe na mamlaka au uwezo unaohitajika. Asiye kasisi wala msajili hawezi kuwafungisha watu ndoa hata akitamka maneno yote kwa ufasaha. Vivyo hivyo, anayesema "pokea A" anagawa kitu asichokuwa nacho. Karatasi husahihishwa na Baraza la Mitihani, na Baraza hilo halikuwapo chini ya mwembe.

Tutazame hesabu. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024, watahiniwa walikuwa zaidi ya 960,000. Waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ni kiwango cha chini cha kujiunga na vyuo vikuu, walikuwa 246,391, yaani takriban robo moja. Waliopata A kamili walikuwa 1,693 katika nchi nzima. Mtu anaweza kubadilisha namba hizo kidogo kwa kufundisha vizuri zaidi, lakini hawezi kuzifuta kwa kupaza sauti. Mhubiri anapowaambia watahiniwa 200 kwamba kila mmoja wao ameshapokea A, anajua au anapaswa kujua kwamba wengi mno watarudi nyumbani mwezi wa Januari bila kile alichowapa.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Miaka michache iliyopita kijana mmoja, mzaliwa wa sehemu za bara za kaunti yetu, alikuja ofisini mwangu kutafuta ushauri wa masomo. Alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha nne mara mbili kabla ya kufika chuoni. Katika jaribio la kwanza alikuwa amerudishwa nyumbani mara tatu kwa sababu ya karo katika muhula mmoja, na chakula cha mchana alikuwa akikipata siku moja na kukikosa mbili. Nilimuuliza ni nini kilichokuwa kigumu zaidi baada ya matokeo yale. Nilitarajia ataje umaskini. Akanijibu, "Mwalimu, kufeli hakukuwa shida. Shida ilikuwa kurudi kanisani. Nilikuwa nimeshapokea A mbele ya watu wote. Ningewaambia nini?"

Kwa mwaka mzima hakurudi. Si kwamba alikuwa amemkasirikia Mungu. Alikuwa ameshawishika kwamba yeye ndiye aliyekuwa na kasoro, kwa kuwa sarufi aliyopewa haikumwachia maelezo mengine. Ukiamini utapata, hukupata, basi hukuamini. Kimantiki hitimisho hilo lina hitilafu, na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza anaweza kuionyesha. Lakini kijana wa miaka 18 anayetembea peke yake kurudi nyumbani na karatasi ya matokeo hana wakati wa kuchunguza mantiki.

Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 mvua zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo katika maeneo kame ya Kenya, na Kilifi ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika. Mifugo ilikufa Ganze na Magarini, mahindi yakanyaukia shambani, na watoto wakaacha shule. Mhubiri aliyesimama mbele ya watoto hao akasema kwamba kizuizi pekee kilichopo ni fikra zao hakuwatia moyo. Aliwaongezea mzigo mwingine juu ya ule wa njaa.

Wahenga wetu walikuwa waangalifu zaidi. Ni kweli walisema "penye nia pana njia", na wahamasishaji hawaichoki methali hiyo. Walisema pia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu, methali ambayo mvuvi wa Ngomeni haihitaji kufafanuliwa. Lakini wahenga haohao walisema "kupata si kwa werevu, wala kukosa si ujinga". Walisema "jitihada haiondoi kudura". Hazina ya Kiswahili hutupa methali zake jozi jozi, moja ya kukusukuma na moja ya kukupokea uangukapo. Mhamasishaji huchukua ya kwanza akaitupa ya pili. Mahubiri yanayostahili jina hilo yanazihitaji zote mbili.

Yupo atakayenipinga, na hoja yake ni nzito. Atasema: wewe unazungumzia viambishi huku sisi tukikumbuka Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu huo ulioko Magarini, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto. Mhubiri Paul Nthenge Mackenzie, aliyekuwa na kanisa la Good News International mjini Malindi, pamoja na wenzake, walishtakiwa kwa vifo hivyo. Mapema mwaka 2024 waliyakanusha mashtaka. Tangu mwaka 2017 alikuwa amewahi kufikishwa mahakamani kuhusiana na mafundisho yake, yakiwamo ya kuwakataza watoto kwenda shule. Ikiwa mahubiri ya aina moja yanadaiwa kuwatoa watoto shuleni na kuwapeleka msituni, je, si afadhali mara mia mhubiri anayewaambia wasome na wawe madaktari?

Ni afadhali, bila shaka yoyote. Anayewalinganisha wahubiri hao wawili kwa matokeo yao atakuwa amekosa haya. Mmoja hukufanya ujione duni Januari. Mwingine anashtakiwa kwa mauti. Familia zilizosubiri kwa miezi mingi nje ya hifadhi ya maiti ya Malindi hazihitaji kufundishwa tofauti hiyo.

Hata hivyo, Shakahola haitupi ruhusa ya kuacha kuyachunguza mahubiri yanayopendeza. Inatuongezea wajibu wa kuyachunguza. Jopo liliundwa na Rais mwaka 2023 chini ya Kasisi Mutava Musyimi ili kuangalia jinsi mashirika ya kidini yanavyosimamiwa. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini sheria haiwezi kumkaa kila muumini sikioni. Kinachoweza kumlinda ni mazoea ya kuuliza: habari hii imetoka wapi? Anayeniambia hivi ana mamlaka gani? Je, naruhusiwa kusema sikubali? Umati uliozoezwa kwa miaka mingi kuitikia amri papo hapo, kugeuka ukiambiwa geuka na kupokea ukiambiwa pokea, umepokonywa mazoea hayo bila kujua. Mara nyingi anayeamrisha ni mtu mwema. Lakini siku asipokuwa mwema, umati hautakuwa na chombo cha kumpimia.

Haki inanilazimu niwasifu wahamasishaji pale wanapostahili. Wao hujitayarisha. Hawasomi karatasi huku wakiwa wameinamisha vichwa. Hutumia Kiswahili kinachoeleweka na mtu wa Gongoni anayetoka kwenye mashamba ya chumvi, na Kigiriama kidogo pale panapofaa, ilhali wahubiri wengi wenye elimu ya theolojia huzungumza kana kwamba wanatetea tasnifu. Vijana hawakuzikimbia ibada za zamani kwa uovu wao tu. Baadhi yao walizikimbia kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekuwa akizungumza nao. Mchungaji anayelalamika kwamba waumini wake wanahamia kwa wahamasishaji na ajiulize lini mara ya mwisho aliwatazama usoni.

Jibu langu kwa swali la leo, basi, ni hili. Hamasa ina nafasi katika mahubiri, lakini nafasi yake ni ya mtumishi. Na iitumikie habari. Mhubiri akishaleta habari yake, na wasikilizaji wakishaielewa, hamasa itakayofuata itakuwa na mahali pa kusimama. Lakini hamasa ikikikalia kiti cha habari, tunabaki na hotuba ambayo haina neno kwa yeyote isipokuwa mshindi, na kanisa halikuanzishwa kwa ajili ya washindi.

Kwa walimu nina pendekezo la darasani. Mnapofundisha isimujamii, msiridhike na mifano ya vitabuni. Waagizeni wanafunzi wasikilize mahubiri ya Jumapili moja, ya kanisa lolote watakalo, au mawaidha kwa walio Waislamu, kisha wahesabu: ni nafsi ipi inayotawala? Ni wakati upi? Ni sababu zipi zinazotajwa? Je, kuna sentensi hata moja kwa aliyeshindwa? Hawatakuwa wamemkosea heshima mhubiri yeyote. Watakuwa wamejifunza kusikiliza, na hicho ni kipawa kitakachowafaa mbele ya mwanasiasa na mfanyabiashara pia.

Kwa wanafunzi mtakaoombewa mwaka huu, ombewani kwa moyo mkunjufu. Sala haijamdhuru mtahiniwa. Lakini mkiambiwa mpokee alama ambayo bado haijasahihishwa, kumbukeni kwamba alama hiyo, iwe A au D, haitakuwa kipimo cha imani yenu, na kwamba anayewapima kwa mtihani hakupewa kazi ya kuwapima utu.

Na kwa wachungaji wa Malindi na Kilifi nina ombi moja tu. Tunazo siku za maombi kabla ya mitihani, zenye mahema na vipaza sauti. Sijasikia siku ya maombi baada ya matokeo. Andaeni moja mwezi wa Januari. Msiwaite waliopata A. Hao watapongezwa na wabunge na watapigwa picha. Waiteni wale wengine, na wazazi wao waliouza mbuzi ili karo ilipwe. Simameni mbele yao mkiwa na Biblia iliyo wazi, kisha mjiulize mtahubiri nini.